Pumba za Burkitt na karatasi ya mjomba

Mjomba wangu alitoka wodini na karatasi moja, ameikunja mara nne, ameitia mfuko wa shati. Alipofika nyumbani akaifungua mezani, akavaa miwani, akaanza kunisomea. Marufuku mapera. Marufuku nyanya zenye mbegu. Marufuku karanga, bisi, ufuta, mahindi ya kuchoma. Kisha mstari wa mwisho, mwandiko uleule, kalamu ileile: ale vyakula vyenye nyuzinyuzi kwa wingi.

Akavua miwani. "Mjomba, vyenye nyuzinyuzi vyote wamevikata hapo juu. Sasa nile nini, katani?"

Tulicheka, lakini swali halikuwa la mchezo. Wiki moja kabla yake alikuwa amejikunja kitandani kwa maumivu ya tumbo, chini, upande wa kushoto, na homa juu. Kipimo cha CT kikaonyesha vifuko kwenye utumbo mpana, kimoja kimevimba. Daktari aliyeandika karatasi ile simlaumu sana, aliandika alichofundishwa. Ila karatasi yenyewe imebeba zama mbili za udaktari zilizogombana, zikawekwa pamoja bila mtu kuzipatanisha. Na ile nusu inayoonekana ya kisasa, ya "kula nyuzinyuzi upone", nayo inasimama kwenye ushahidi mwembamba kuliko tunavyoaminishwa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Ukuta wa utumbo mpana una tabaka la msuli, na msuli huo una sehemu ambapo mishipa midogo ya damu hupenya kwenda ndani. Hapo ndipo penye udhaifu. Shinikizo la ndani likizidi, au ukuta ukichoka kwa umri, utando laini wa ndani husukumwa ukachomoza nje, kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza kwenye tairi lililopasuka. Kinatokea kifuko, mara nyingi kidogo kama punje ya njegere. Wataalamu huviita daivetikula. Kuwa navyo si kuumwa. Katika nchi za Magharibi karibu nusu ya watu waliovuka miaka 60 wanavyo, na wengi watazikwa navyo bila kujua. Wanaokuja kupata uvimbe na uambukizo, ile hali iliyomlaza mjomba, hawafiki watano katika kila mia. Wengine hutokwa damu nyingi ghafla wakienda haja, tena bila maumivu. Na wapo wa katikati: vifuko wanavyo, uvimbe hawana, lakini tumbo linawauma siku hadi siku, gesi imejaa, choo leo kigumu, kesho laini. Hao wa katikati ndio walioanzishiwa habari yote ya pumba, kwa hiyo tuwaweke akilini.

Hadi miaka ya 1960, mgonjwa wa aina hiyo Uingereza aliambiwa ale chakula laini kisichoacha makapi. Mkate mweupe, viazi vya kupondwa, supu iliyochujwa. Hoja yake ilikuwa ya fundi bomba: bomba likiwa na hitilafu usilipitishie takataka. Halafu ndani ya miaka michache amri ikageuzwa chini juu, na mmoja wa walioigeuza alikuwa ametumia miaka ishirini ya kazi yake hapa kwa jirani zetu, Uganda.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, na hilo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, na ni katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikokutana na watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Mwaka 1958 aliueleza uvimbe ule kwa maandishi, na leo saratani hiyo ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu wakazunguka Afrika ya mashariki hadi kusini, kama kilomita 16,000, wakiingia hospitali baada ya hospitali kuuliza: uvimbe huu mnauona? Hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa mtu wa kuuliza, kuandika na kutia alama kwenye ramani.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikutana na mawazo ya Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyekuwa akishikilia kwamba sukari na unga mweupe ndio chanzo cha nusu ya maradhi ya wenzake. Burkitt akakumbuka si alichokiona Mulago, bali ambacho hakukiona. Vifuko vya utumbo, hakuna. Kidole tumbo, nadra. Akafanya kama alivyofanya kwenye saratani: akaandikia hospitali za misheni barani Afrika, akauliza mnaona nini na hamuoni nini. Majibu yakarudi yakifanana.

Kisha akaingia kwenye jambo ambalo waungwana hawalizungumzi mezani. Alipima vinyesi. Watu walimezeshwa vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, choo chao kikakusanywa kwenye mifuko na kupigwa picha, ili ijulikane chakula kinachukua muda gani kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari. Nawaza yule mwanakijiji wa Uganda aliyebishiwa hodi asubuhi na mgeni mwenye heshima zake, amekuja kuchukua mfuko. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1972, Burkitt pamoja na Alec Walker na Neil Painter. Wanavijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 kwa siku, na safari ilichukua kama saa 36. Wanamaji vijana wa Uingereza walitoa gramu 104 hivi, na safari ikachukua saa 83. Zaidi ya siku tatu.

Painter, daktari wa upasuaji, ndiye aliyekuwa na maelezo ya kiufundi. Alikuwa ameshapima shinikizo ndani ya utumbo mpana. Choo kikiwa kidogo na kigumu, alisema, msuli hulazimika kujibana sana ili kukisukuma. Utumbo hujigawa vyumba vidogovidogo, kila chumba kinafungwa mbele na nyuma, na shinikizo ndani yake linapanda hadi utando unatokeza. Choo kikiwa kingi na laini, msuli hauhangaiki. Mwaka 1971 yeye na Burkitt waliandika kwenye British Medical Journal kwamba vifuko vya utumbo mpana ni ugonjwa wa upungufu, upungufu wa nyuzinyuzi, unaoletwa na ustaarabu wa Magharibi.

Mtu akisoma hoja hiyo leo bado inamshika. Ina ramani, ina mizani, ina fizikia, ina kijiji na jiji. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilijisikia fahari kabisa, kwamba kumbe matoke na maharage ya kina bibi yaliwafundisha madaktari wa London. Na huo ndio mtego wake. Hoja nzuri kiasi hicho watu huiamini kabla haijajaribiwa.

Tiba ilikuja mwaka uleule wa 1972. Painter na wenzake waliwapa wagonjwa 70 pumba za ngano zisizosindikwa, zile ambazo Uingereza zilikuwa chakula cha farasi na huku kwetu ni cha kuku. Wakaripoti kwamba asilimia 88.6 ya dalili zilipungua au zilikwisha. Namba ya kupendeza. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hakuna waliopewa kitu bandia, hakuna walioachwa na chakula chao cha kawaida. Na maumivu ya tumbo la namna hii, yeyote aliyewahi kuwa nayo anajua, yana tabia ya kuja na kuondoka yenyewe. Mpe mtu uji, mpe maji ya baraka, mpe daktari mwenye sauti ya upole anayemsikiliza nusu saa, wengi watakwambia afadhali.

Majaribio yenye kulinganisha yakaja baadaye, na hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Mwaka 1977 Brodribb aliwapima wagonjwa 18, nusu wakila vibiskuti vya pumba na nusu vya ngano ya kawaida, na wale wa pumba wakapata nafuu zaidi. Watu 18. Daladala moja inabeba zaidi ya hao. Mwaka 1981 likaja jaribio la Ornstein na wenzake, watu 58, kila mmoja akipitia kwa zamu pumba, ispaghula (yale maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji) na kitu bandia, miezi minne minne. Choo kigumu kilipata dawa, hilo halina ubishi. Lakini maumivu na dalili nyingine za vifuko hazikutofautiana na zile za kipindi cha kitu bandia. Wenyewe waliuliza kwenye kichwa cha makala yao kama kweli nyongeza hizi za nyuzinyuzi zinahitajika.

Swali hilo lilistahili kuzua kelele, na kelele haikuzuka. Kufikia wakati huo pumba zilikuwa zimeshaingia kwenye maduka, kwenye vitabu vya kiada, kwenye makaratasi ya wodini. Wachambuzi waliokuja kupitia tafiti zote kwa pamoja wamekuwa wakirudia neno lilelile, kwamba ushahidi ni dhaifu. Lugha yetu ina bahati mbaya kwenye hili: pumba ni ganda la nafaka, na pumba ni maneno yasiyo na maana. Nisingesema tiba ya Painter ni pumba kwa maana ya pili. Nasema ilipewa cheo kabla ya kufanya mtihani.

Hata sehemu ya kwanza ya nadharia, kwamba kukosa nyuzinyuzi ndiko kunakoleta vifuko, imepata misukosuko. Mwaka 2012 Anne Peery na wenzake huko North Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 2,104 waliopimwa kwa kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana. Waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vifuko vichache. Walikuwa navyo vingi zaidi. Magazeti yakashangilia, kama kawaida yao. Mimi sishangilii, maana utafiti ule uliuliza watu wanakula nini sasa, ilhali vifuko huenda vilianza miaka ishirini nyuma. Na mtu mwenye tumbo la shida mara nyingi ndiye anayekimbilia papai na mkate wa brauni. Lakini pia huwezi kuusoma ukabaki na uhakika wa Burkitt. Tafiti za mapacha wa Sweden na Denmark zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya hatari ya ugonjwa huu, kati ya asilimia 40 na 53, ni ya kurithi. Na Waasia wa mashariki hupata vifuko zaidi upande wa kulia wa utumbo, pale ambapo choo bado ni majimaji. Nadharia ya choo kigumu inapata taabu kufika huko.

Vipi kuhusu kijiji kisicho na vifuko? Mulago ya miaka ya 1950 ilihudumia watu vijana, na vifuko ni mambo ya uzeeni. Hospitali za misheni zilizojibu barua nyingi hazikuwa na vifaa vya kuvitafuta. Ugonjwa ambao kwa wengi hauna dalili, usipoutafuta, huuoni. Sisemi Burkitt aliota. Tofauti kati ya Uganda na Uingereza ilikuwa kubwa mno kuwa ndoto. Nasema kwamba kati ya mwanakijiji na mwanamaji palikuwa na tofauti nyingi kuliko unga: jembe, mwendo wa miguu, kiasi cha nyama, tumbaku, unene, umri. Yeye akashika moja.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu nikiishia hapa nitakuwa nimemdanganya msomaji. Kuna swali ambalo nyuzinyuzi zimelijibu vizuri. Si la nani ana vifuko, wala la nani maumivu yake yatapoa, bali la nani atakuja kulazwa kwa ajili ya vifuko hivyo. Mwaka 2011 Francesca Crowe na wenzake wa Oxford walitoa matokeo ya watu 47,033 wa Uingereza: wasiokula nyama walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 31 ya kulazwa au kufa kwa ugonjwa huu, na waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa salama zaidi kuliko waliokula chache, kila kundi kivyake. Mwaka 2014 wakarudi na wanawake 690,075, wakaona kinga hiyo inategemea chanzo: nafaka na matunda vilikinga kuliko mboga na viazi. Marekani, wanaume wa sekta ya afya waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionyesha kitu kipana zaidi: asiyevuta sigara, mwenye uzito wa wastani, anayefanya mazoezi ya nguvu, anayekula nyama nyekundu kidogo na nyuzinyuzi gramu 23 hivi kwa siku, alipunguza hatari ya uvimbe wa vifuko mno, watafiti walikadiria kwamba nusu ya kesi zingeweza kuepukika. Nyuzinyuzi ni moja kati ya tano hapo, na pengine ndiyo rahisi kuliko zote.

Kwa hiyo kinga ipo. Tiba, kwa maana ya mtu mwenye maumivu leo kula pumba na kupona, haijathibitishwa. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mgonjwa aliyeambiwa "kula nyuzinyuzi utapona", akala kwa uaminifu miezi sita na bado tumbo linauma, hufikia uamuzi mmoja: kosa ni lake, hakula vya kutosha. Anaongeza. Gesi inaongezeka. Wengine hupita hivyohivyo bila kurudi kupimwa kama wana kitu kingine, na saratani ya utumbo mpana huweza kujificha nyuma ya dalili za namna hii.

Kuna pia wakati ambapo ushauri huo haufai kabisa, nao ni wakati kifuko kimewaka. Siku hizo utumbo unahitaji kupumzishwa: maji, supu nyepesi, chai, kisha chakula laini, kisha kurudi taratibu kwenye kawaida. Pumba zinasubiri nje. Mjomba alipewa karatasi yake siku ya kuruhusiwa bila neno hata moja kuhusu lini aanze. Kama asingekuwa na wasiwasi na lile suala la katani, angeweza kuanza jioni ileile.

Na yale marufuku? Mbegu za pera, karanga, bisi. Hofu ilikuwa kwamba kijimbegu kitaingia kwenye kifuko, kitakwama, kitaleta uvimbe. Inaeleweka, hata mtoto anaweza kuichora. Vizazi vya wagonjwa vilinyimwa karanga kwa mchoro huo, hadi mwaka 2008, Lisa Strate na wenzake walipowafuatilia wanaume 47,228 wa Marekani kwa miaka 18 na kuuliza swali lenyewe. Waliokula karanga na jamii zake mara kwa mara hawakupata uvimbe zaidi. Walipata kidogo, pungufu kwa asilimia 20. Waliokula bisi, pungufu kwa asilimia 28. Utafiti ule ulikuwa na zaidi ya miaka kumi wakati mjomba anaandikiwa karatasi yake. Hapo ndipo ninapopata hasira kidogo. Amri ya chakula ni rahisi kutoa na haina anayeilipia isipokuwa mgonjwa, kwa hiyo hakuna anayeharakisha kuifuta.

Sisi Watanzania tuna ugomvi wetu wa nyuzinyuzi, na unafanyika kwenye mashine ya kusaga. Nendeni jioni, simameni pembeni. Gunia la mahindi linaingia kinuni kwanza, linakobolewa. Ganda na kiini vinatoka upande mmoja vumbivumbi la manjano, mahindi meupe yanatoka upande mwingine kwenda kusagwa sembe. Mwenye mahindi anabeba sembe yake. Pumba zinabaki, na watu wa kuku wanazigombea kwa kilo. Dona, ambayo haikobolewi, ina nyuzinyuzi kwa mbali kuliko sembe, lakini imebeba jina la shule ya bweni na gereza. Ukimpikia mgeni dona bila kumweleza, ataona umemshusha.

Ningependa kusema rudini kwenye dona, basi, nikafunga makala. Siwezi, kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo ya fangasi hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, hasa mahindi yaliyovunwa mabichi au kuhifadhiwa penye unyevu, na kukoboa huipunguza. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na Tanzania ilipata mlipuko wake mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Kwa hiyo dona ya mahindi makavu, masafi, yaliyochambuliwa, ndiyo. Pumba za kuokota mashineni ambazo hujui gunia lilitoka wapi, ukazikoroga kwenye uji kwa kuwa umesoma mtandaoni kuhusu Burkitt, hapana.

Bahati njema nyuzinyuzi nyingi za mlo wetu haziko kwenye mahindi. Ziko kwenye sufuria la maharage. Gramu mia za maharage, kunde au mbaazi zilizopikwa zina nyuzinyuzi gramu sita hadi saba; wali mweupe wa uzito uleule hauna hata gramu moja. Pera la gramu mia lina zaidi ya tano, na parachichi linakaribia saba. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Mtu anayekula makande mchana na matunda mawili jioni anakaribia hapo bila kununua kopo lolote la unga wa kuagizwa, yale ninayoyaona famasi siku hizi yakiuzwa bei ya kilo kadhaa za maharage. Ispaghula inasaidia choo kigumu, sikatai. Ila kumpa mtu wa Morogoro ispaghula ya kopo huku mbaazi zinaozea sokoni ni kichekesho.

Mjomba tulikaa naye wiki tatu kabla ya kubadilisha kitu. Akaanza na kijiko kimoja cha maharage, kisha viwili, na maji mengi, maana ukiwashtukiza bakteria wa tumboni kwa nyuzinyuzi wanakujibu kwa gesi. Tulimrudisha kwa daktari mwingine, akaagiza kipimo cha kamera baada ya uvimbe kupoa, kuhakikisha hakuna kingine. Hapakuwa na kingine. Daktari huyo aliuliza kitu ambacho karatasi haikugusa: anatumia dawa gani za maumivu? Mjomba ana goti. Kwa miaka minne amekuwa akinunua diklofenaki duka la dawa la mtaani, asubuhi na jioni, kama chai. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinajulikana kuongeza hatari ya kifuko kuvimba na kutoka damu.

Diklofenaki ameacha, kwa manung'uniko. Goti linauma, anapaka dawa ya kuchua na kulalamika. Jumapili iliyopita nilimkuta barazani, shikamoo, marahaba, kisu mkononi na bakuli la mapera mbele yake, anakata na kula na mbegu zake. Tumbo, anasema, lipo. Siku nyingine linamkumbusha. Hajui kama ni maharage, ni kuacha vidonge, au ni muda tu uliopita. Daktari wake naye hajui, na alimwambia hivyo waziwazi.

"Huyu ndiye daktari," mjomba akaniambia, akanisogezea bakuli.